Sakafu ya Jikoni

Kama uliwahi kukanyaga sakafu iliyotulia kama maji kwenye beseni, huenda ilipita mikononi mwa fundi huyu wa vigae. Watu walimwita Pimamaji, kama kile kifaa cha kupimia usawa, kwa sababu hata akialikwa harusini alikuwa akiinamisha kichwa kuangalia kama meza imekaa sawa. Ila jikoni kwake mwenyewe, mkewe alipika juu ya simenti chakavu iliyokuwa ikimaliza mafagio. Vigae vya jiko hilo, vyeupe vyenye michirizi ya kijani, mke alivichagua mwaka waliohamia. Vilikaa chini ya kitanda miaka kumi na moja, ndani ya maboksi yao.

"Wiki ijayo, mama watoto," fundi angesema.

"Endelea kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa," angejibu mke. "Nimeshazoea."

Miaka yote hiyo fundi alikata vigae vya watu bila maji, kitambaa cha puani kikining'inia shingoni kama pambo. Vumbi likamkaa mapafuni. Hospitali walipomwambia ukweli, duka lake dogo la vifaa lilikuwa limeshafungwa, mahakama imemtangaza mufilisi, na nyumba ile ya mkopo wa benki haina tena wa kuilipia. Yeye na mkewe wakakubali kuirudisha kwa hiari, kabla haijapigwa mnada mbele ya majirani.

Mthamini wa benki, kijana mpole mwenye faili, alizunguka vyumba vyote kisha akasimama jikoni.

"Mzee, hapa itabidi niandike haijakamilika. Bei itashuka. Deni litakalobaki halitakufuata wewe, umeshafilisika. Litamfuata mama, maana na yeye alitia saini."

"Na sakafu ikiwekwa?"

"Ikiwekwa, bei inamaliza deni lote. Ila Ijumaa saa nane nakuja kuchukua funguo, hiyo siwezi kuisogeza."

Fundi akamtazama mkewe, ambaye tangu mumewe augue alikuwa akifua nguo za watu mpaka vidole vikachubuka. Akapiga moyo konde. Yeye alishajua haponi. Lakini huyu asitoke hapa na mzigo ambao hakuutengeneza.

Akaanza Jumatatu. Zamani jiko kama lile lilikuwa kazi ya siku moja, na angepata nafasi ya kunywa chai mara mbili. Sasa alibandika vigae vitatu, akakaa kutafuta pumzi. Jumatano alishindwa kabisa. Alibaki ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mwiko mkononi, machozi yakimtoka bila aibu. Mke akamnyang'anya mwiko, akapiga magoti.

"Niambie nifanye nini."

"Gundi ijae. Usiiguseguse kama unapaka siagi kwenye mkate."

"Siagi? Siagi humu ndani tumeiona lini sisi?"

Fundi akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikamshika robo saa nzima.

Tangu hapo mke ndiye aliyeweka. Fundi kazi yake ikawa kugonga kila kigae kwa kifundo cha kidole, na kilicholia kitupu alimwamuru akibandue aanze upya. Hakumwonea huruma hata kidogo, na mke, kwa kweli, alifurahi kutoonewa huruma. Cha mwisho kilikaa Ijumaa saa sita mchana. Wakaweka pima maji, kiputo kikatulia katikati. Walisimama mlangoni wakiitazama sakafu, wakasahau vyombo vilivyofungwa sebuleni na gari la binti yao lililokuwa likija kuwachukua wakaishi kwenye chumba chake cha nyuma.

"Nzuri," mke alisema.

Saa nane kamili mthamini akafika. Akachungulia jikoni bila kuingia, akagusa kigae cha karibu kwa ncha ya kalamu, akaandika imekamilika. Fundi akashusha pumzi. Mke wake yuko huru. Mwaka ule wote hakuambulia kingine zaidi ya hicho.

Mke akatia saini, kisha akarudi jikoni peke yake. Fundi alimfuata polepole, akishika ukuta. Akamkuta amevua viatu kizingitini, mguu mmoja ameuinua.

"Usikanyage!" likamtoka, kama lilivyomtoka kwa wateja maisha yake yote. "Haijakauka, mama watoto. Mpaka kesho."

Mguu ukabaki hewani. Fundi alitaka kuyarudisha maneno yale, amwambie akanyage, akanyage yote, acha vigae viteguke. Lakini mthamini alikuwa bado sebuleni, faili liko wazi.

"Sawa," mke alisema.

Akaushusha mguu upande wa huku, akavaa viatu, akaenda kumpa kijana funguo.