Namba moja ya wiki hii imefika harusini

Jamani, kuna harusi Kisarawe nahisi nimeiharibu, na mimi niko dukani kwangu Mkuza!

Kazi yangu ni kuwawekea watu nyimbo kwenye flashi. Asubuhi shangazi wa bibi harusi akaniambia, "Weka zinazotamba wiki hii, kwa mpangilio."

Nikapanga kama chati. Nyimbo ishirini, namba moja mbele.

Sasa hivi ndiyo nakumbuka: namba moja ni wimbo wa talaka.

Nimempigia shangazi simu. Anapaza sauti kuushinda muziki: "Mwanangu, bibi harusi anaingia, ukumbi mzima unaimba!"

"Na mama mkwe?"

"Huyo ndiye anaimba kuliko wote. Kamkazia macho bibi harusi."

Mimi nimefuata chati tu. Kosa langu liko wapi hapo? Nizime simu?