Saa Ndani ya Unga

Jirani yangu hapa Missouri huwasomesha watoto wake watano kwenye meza ya jikoni, na siku yao yote huiendesha kwa saa ndogo ya mapishi anayoiweka mfukoni mwa aproni. Saa moja na nusu ni sala, saa mbili kusoma, mbili na nusu hesabu. Kila kengele ikilia huigusa ratiba iliyobandikwa kwenye friji kwa kidole chenye unga, hata maandishi yameanza kufifia. Sauti haipandishi. Ila Tirza, binti yake wa tatu, alitimiza miaka tisa bila kujua kusoma, na mama mkwe wake alikwisha sema, "Agosti mtoto aende shule ya mjini. Hiyo saa yako imeshindwa, mama."

Asubuhi moja nilipowapelekea mayai, nilimkuta Tirza ameinamia Zaburi, akivuta neno moja moja kama ndoo kutoka kisimani. Bibi yake, yule mama mkwe, alikuwa amesimama mlangoni. Kengele ikalia, mtoto akanyamaza. Jirani yangu akafunua kopo la unga, akaizika saa humo ikiwa bado inalia, akafunika.

"Mama, hesabu!" kaka mtu akapiga kelele.

"Hesabu haina miguu, haitakimbia. Endelea, mwanangu."

Tirza akasoma mpaka mwisho. Bibi akavuta kiti, akaketi. "Rudia, mjukuu wangu. Mwanzo sikuusikia."

Jirani yangu akapeleka mkono mfukoni kutafuta saa, akakuta mfuko mtupu, mkono akauacha humo humo.