Mazimwi ya Jumamosi na Jina la Babu

Nianze na sifuri niliyopewa juzi mjini Kilifi, maana nisipoisema itanikereketa kooni mpaka mwisho. Kuna mkahawa mmoja unaoandaa mashindano ya maswali kuhusu katuni za zamani, na mpwa wangu wa kike alinibembeleza niende naye. Nilikubali aliponiambia kwamba siku hiyo wangeuliza habari za Mazimwi. Hilo si jina lake halisi. Jina halisi ni refu na la kigeni, lakini kwetu Gongoni ukisema Mazimwi, kila mtoto wa rika langu alijua wazungumzia katuni ya vijana wanaofuga mazimwi na kuyapambanisha.

Vijana walijaa, wengine wamevaa mikia ya kitambaa. Mwendesha mashindano akauliza: zimwi la pembe lilikufa kwenye vita vya darajani, pembe yake ya kulia ikiwa imevunjika. Mbona baadaye tunaliona li hai, na pembe iliyovunjika ni ya kushoto? Niliinua mkono kabla hajafunga kinywa. Nikajibu kwamba lile la pili ni mjukuu wake.

Mkahawa mzima ulicheka. Yule kijana alikuwa na adabu, akasubiri kicheko kipoe.

"Shangazi, hilo halimo."

"Halimo wapi?"

"Mtandaoni. Wachoraji walikosea upande, halafu kituo cha runinga kikarusha vipindi bila kufuata mpangilio. Hakuna mjukuu."

"Wewe ulikuwepo?" nikamwuliza.

Mpwa wangu akanivuta gauni nikae. Sikukaa. Nilisimama vilevile mpaka swali lililofuata likaisha, na sifuri yangu nikaondoka nayo kichwa juu. Sasa nataka nikueleze wewe, kwa kuwa wewe hutanikatiza, kwa nini sitabadili jibu langu hata waniletee mchoraji mwenyewe.

Gongoni ya utoto wangu ilikuwa nyeupe. Mashamba ya chumvi yaling'aa mchana hadi macho yakatoa machozi, na baba alirudi kutoka huko akiwa na nyayo zilizopasuka, mama akazipaka mafuta ya nazi kila jioni huku akimsuta kwa kukataa kuvaa viatu. Mimi nilikuwa mtoto wao wa pekee wakati huo. Kazi yangu ilikuwa kuteka maji, kufagia uwanja, na kumsaidia bibi kusuka makuti. Bibi alikuwa mama yake baba, na kwa Kigiriama chetu nilimwita hawe. Mimi nilimpa majani moja moja, yeye akayapinda kwenye ufito na kuyashona, na ole wangu nikimpa jani lililochanika.

Runinga tuliyoitegemea sote ilikuwa nyumbani kwa mwenye duka, Mhindi aliyezaliwa hapohapo Gongoni kama baba yake. Sebule yake ilikuwa nyuma ya duka, na dirisha la sebule lilitazama uwanja wetu. Kila Jumamosi alasiri mama yake mzee, tuliyemwita bibi wa dukani, alifungua lile dirisha, akaigeuza runinga ituelekee, akatupitishia kwenye vyuma bakuli la chevda, ule mchanganyiko wa dengu na karanga, lenye pilipili ya kututoa makamasi. Sisi watoto tulibanana nje, Wagiriama, Wabajuni, wa madrasa na wa Jumapili, jasho la mmoja likimkauka mwenziwe mgongoni. Hawe alikuja na makuti yake na kukaa mbele yetu sote, akilielekea dirisha. Alisema amekuja kunichunga, lakini kazi ya mikono yake ilisimama kila mazimwi yaliposhikana.

Katuni yenyewe ilizungumza Kiingereza cha mbio, nasi Kiingereza chetu kilikuwa cha kuomba ruhusa kwenda chooni. Kwa hiyo tulitazama kwa macho, na macho yetu hayakupitwa na kitu. Tuliona utepe wa yule msichana shujaa ukiwa mwekundu vita vikianza, na wa samawati vikiisha. Tulikubaliana kwamba mama yake alikuja kuufua. Tuliona daraja lililobomoka Jumamosi hii li zima Jumamosi ifuatayo, na bibi wa dukani akasema serikali ya huko lazima iwe hodari sana, si kama hii yetu yenye barabara iliyochimbwa na kuachwa. Kila kasoro ilipata maelezo, na maelezo yakikubaliwa na wengi yalikuwa sheria. Aliyeyapinga alipelekwa nyuma ya kundi.

Kisha likafa zimwi la pembe. Tulililia kweli, tena kwa sauti. Wiki iliyofuata likatokea li hai, laitwa jina lilelile, linapigana. Ugomvi uliozuka pale dirishani ulitaka kugeuka ngumi. Mmoja alisema ni pacha. Mwingine akasema halikufa, lilizimia. Mtoto wa mwalimu wa madrasa akasema twendeni tukamwulize baba yake, tukamkataza upesi, maana tulijua jibu litakuwa dirisha kufungwa.

Hawe hakuinua macho kutoka kwenye kuti lake. "Pembe hamzioni nyinyi? Yule kavunjika ya kulia, huyu kavunjika ya kushoto. Huyu ni mjukuu. Kapewa jina la babu yake."

Kelele zikakoma. Nusu yetu tulibeba majina ya babu na bibi zetu, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi. Kwetu Wagiriama mtoto wa kiume wa kwanza humrithi babu mzaa baba jina lake, na mwenye jina akishakufa, mtu haachi kuitwa. Mbona mazimwi yasifanye hivyo? Tuliendelea kutazama, na tangu siku hiyo tulimheshimu yule mjukuu kwa ajili ya babu yake.

Ulikuwa mwaka uleule tuliomzika babu Karisa, mume wa hawe. Na mama alikuwa mjamzito.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika nyumbani. Baba alikuwa ameokoka kwenye kikanisa kimoja kipya cha mabati, na mhubiri wake alimfundisha kwamba jina la marehemu humfungulia marehemu mlango wa kurudi kama pepo. Baba akatangaza kwamba mtoto akiwa wa kiume atapewa jina la kwenye Biblia basi, na la babu lizikwe na babu. Papo hapo akanikataza Mazimwi, akasema ni mapepo yaliyotiwa rangi. Katazo la katuni lilipuuzwa kimyakimya, kwa kuwa Jumamosi alasiri alikuwa kwenye chumvi. La jina halikuwa na pa kupitia.

Hawe alimwomba mara ya kwanza kwa upole. Mara ya pili akamwambia, mbele yangu, "Mume akifa unalia, unazoea. Jina lake likifa utamwita nani?" Baba hakulegea. Mtoto alipozaliwa, wa kiume, hawe akamchukua mikononi akamwita mume wangu, kama bibi wote wa kwetu wanavyowatania wajukuu wa kiume, na baba akamwambia aache. Siku ile nilimwona hawe akifunga kanga zake kwenye furushi. Alikuwa anarudi kwa kaka zake Kaloleni. Sikuwahi kuamka katika nyumba ambamo yeye hayumo.

Mhubiri alikuja kumpa mtoto jina. Tulikaa uwanjani, mama na kichanga mkekani, baba na mgeni vitini, hawe kando na furushi lake. Watoto hawasemi kwenye kikao kama kile. Mimi nilisimama.

"Jina la babu apewe mtoto," nikasema. "Hata zimwi la pembe lilipokufa darajani, mjukuu alipewa jina lake, na hakuingiliwa na pepo. Alishinda vita."

Mhubiri akauliza zimwi gani. Baba akanitazama kwa jicho la kunimeza, lakini ulimi ulikuwa umeshateleza, nami kwa woga nikazidi kuharibu. "Lile lililovunjika pembe ya kushoto likafa."

"Ya kulia," akasema baba.

Nakuapia hata mtoto aliacha kulia. Baba alibaki kinywa wazi, kama mtu aliyeona sarafu yake ikidumbukia kisimani. Akajaribu kujiokoa, akazama zaidi. "Lililokufa ni la kulia. Hili la sasa ndilo la kushoto. Na huenda si mjukuu, huenda ni ndugu tu."

"Ndugu hawapeani jina la marehemu," hawe akajibu taratibu. "Kumbe nawe watazama."

Baadaye tulijua yote. Alikuwa akitoroka kazini Jumamosi, akipitia nyuma ya duka na kutazama juu ya vichwa vyetu, bibi wa dukani akimwona na kumfichia siri. Lakini pale uwanjani mama ndiye aliyeanza. Alicheka huku ameshika tumbo, akasema acheni, naumia, na kicheko chake kikamwambukiza hawe, kisha baba mwenyewe akafunika uso kwa viganja, mabega yakimtikisika. Mhubiri alikuwa na busara ya kumaliza chai yake. Mtoto alipata jina la Biblia mbele na la babu nyuma. Furushi la hawe nililifungua mimi, kanga moja moja, na yeye hakunizuia.

Sasa unaelewa kwa nini sikukaa pale mkahawani. Wanasema kulikuwa na kosa. Najua kulikuwa na kosa, mimi si mjinga. Mtu mmoja mbali kule, amechoka, alichora pembe upande usio wake. Mwingine akachanganya kanda. Lakini vipindi vilipofika Gongoni, makosa yao tuliyapokea sisi, tukayapa ukoo, na yakafanya kazi ambayo hawakuwahi kuiota. Nani kawapa wao tu haki ya kusema kilichotokea?

Mpwa wangu aliniambia njiani kwamba katuni imetolewa upya, imesafishwa, na pembe imerekebishwa. Zimwi ni moja tu tangu mwanzo hadi mwisho, vipindi vimepangwa sawasawa, na kifo cha darajani kimewekwa mwisho kabisa ambako hakuna anayerudi. Mjukuu wamemfuta. Niliumia kuliko nilivyotarajia, na sioni haya kusema. Bibi wa dukani alihamia Mombasa na mwanawe, akafia huko. Dirisha limezibwa kwa matofali, na duka sasa linauza simu, zile ambazo kila mtoto hutazamia katuni peke yake, amejifunika shuka, bila mwenzake wa kubishana naye. Hawe yupo ardhini, na baba kando yake. Watoto wa leo wana majibu yote sahihi. Nawahurumia.

Tulipofika kituoni nilijitenga kando nikampigia kakangu mdogo. Sikuwa na shida yoyote naye. Yeye ni fundi wa pikipiki kulekule Gongoni, na mikono ikiwa na grisi hupokea kwa kidole kimoja bila kutazama nani anapiga. Nilisikia injini ikizimwa, kisha sauti yake, nzito kama ya mzee.

"Karisa hapa. Nani mwenzangu?"

Nilinyamaza kidogo kwa makusudi, ili aseme tena.