Kumwonya Waziri

Sataranji nilifundishwa na mzee mmoja mwenye duka pale Mtoni, Mwarabu wa hapahapa, mkali kama pilipili. Kwake askari alikwenda hatua moja tu, hata mwanzoni. "Askari gani huyo anaruka hatua mbili na adui hajamwona?" Kwa hiyo mchezo tuliufungulia pembeni: unasogeza askari wa mbele ya farasi, kisha kwenye lile pengo unamweka ndovu, ambaye huenda mshazari. Hapo anautazama ubao kona hadi kona.

Na adabu ilikuwepo. Ukimtishia mfalme unasema "shah". Ukimtishia waziri, kete yenye nguvu kuliko zote, unasema "waziri", mwenzio apate kumwondoa. Kwa mzee, kunyamaza kulikuwa wizi mtupu.

Siku moja ukumbi fulani wa mjini ukatangaza mashindano. Mzee akaenda kujiandikisha. Walipomsikia anabishania ile hatua moja, wakamcheka, wakamrudisha. Akaja kwangu amevimba. "Nenda wewe. Fungua vilevile pembeni. Nataka waone mara moja tu kwamba mchezo wetu unashinda."

Nikapangiwa fundi saa wa Kihindi, mtu mtaratibu. Mzee alikaa nyuma, kofia magotini. Nilipofungua pembeni watu waliguna, mie nikawaacha wagune. Baada ya saa mbili ndovu wangu alikuwa bado palepale, na kati yake na waziri wa fundi saa palikuwa na farasi wangu tu. Nikamwondoa farasi. Fundi saa akamfuata farasi kwa macho, ndovu hakumwona kabisa. Ushindi ulikuwa wangu, na mdomo wangu ukasema wenyewe: "Waziri."

Akanikodolea macho. "Ahsante sana, bwana," akasema, akamwondoa waziri wake. Jioni ile nikashindwa. Lo, niliona aibu! Nilipogeuka, kiti cha mzee kilikuwa kitupu.

Kesho yake alasiri nikaenda dukani. Nikatoa shikamoo, akaitikia. Kete zilikuwa zimepangwa kama siku zote, nikajua yameisha. Tukacheza bila maneno mengi. Katikati ya mchezo akanyoosha mkono, akamchukua waziri wangu, akamlaza kando ya mizani. Miaka tisa tulikuwa tumecheza, na hakuwahi kumchukua bila kuonya.

"Mzee, mbona hukusema?"

"Sikusema," akajibu, bila kuniangalia. "Cheza."