Mgomo Wetu na Ahadi ya Babangu

Kufikia wiki ya pili ya mgomo, mji mzima ulikuwa umekwisha kutuhukumu. Ukienda kununua samaki, muuzaji anakuuliza mnarudi lini kazini kabla hajakutajia bei. Ukifungua redio asubuhi, mtu amepiga simu kutoka Likoni anasema walimu ni wavivu, na baada yake mwingine wa Changamwe anasema bila mwalimu wake angekuwa anasukuma mkokoteni mpaka leo. Niliwasikiliza wote huku nakaanga mahamri, na kila mmoja nilimjibu. Mamangu, aliyekuwa akikaa nami jikoni, aliniambia siku moja nipunguze sauti, maana redio ile ni yake na haijamkosea mtu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ya serikali, upande wa Buxton. Darasa langu la gredi ya sita mwaka ule lilikuwa na watoto sabini na mmoja, wakikaa watatu watatu kwenye madawati ya watu wawili. Tuligoma kwa sababu ya makubaliano yaliyotiwa saini kisha yakafungiwa kabatini, na kwa sababu ya wenzetu wa kandarasi, waliofanya kazi ileile tuifanyayo kwa ujira wa kubahatisha. Shuleni kwetu walikuwa wawili. Mmoja, kila mwezi ukifika mwisho, alivuka daraja la Nyali kwa miguu kuja kazini, na akifika alisema anafanya mazoezi.

Wawili hao hawakutaka kugoma. Waliogopa, na walikuwa na haki ya kuogopa, kwa sababu mtu wa kandarasi hufutwa kwa simu moja. Mimi ndiye niliyewaambia watoke. Niliwaapia kwamba hakuna mwalimu wa kudumu atakayeshika chaki wakati wao wako nje, na wakaniamini.

Nilikuwa naishi Mji wa Kale na wazazi wangu, kwenye nyumba aliyoijenga babu. Nilirudi hapo nilipoachika. Chumba cha chini kilikuwa chuo cha babangu, yaani mahali anapowasomesha watoto Kurani, na alikuwa amekaa juu ya mkeka ule zaidi ya miaka arobaini. Hakuwahi kumtajia mzazi bei. Aliyeleta kitu siku ya Alhamisi alipokewa, na asiyeleta hakuulizwa. Babangu alijivunia jambo hilo kwa namna yake ya kimyakimya, na mgomo wetu ulimkera mpaka moyoni.

"Na leo pia hamukusomesha?" aliniuliza kila tukiketi kula.

"Hatukusomesha, babangu."

"Na watoto wako wapi?"

"Kwao."

"Basi mumeshinda," akasema, akamega mkate.

Ijumaa ile nilikuwa Mwembe Tayari na walimu wenzangu, tukiimba kando ya mabasi ya bara mpaka sauti zikatukauka. Mchuuzi mmoja wa maji alitugombeza kwamba tunamzibia wateja, kisha akagundua kuwa wateja wenyewe ni sisi. Nilirudi nyumbani nimechoka na nimefurahi, wala sikujua lililotokea msikitini kwetu mchana ule.

Niliambiwa Jumamosi asubuhi na jirani yetu, mama wa watoto watatu, aliyepanda ngazi mpaka ukumbini kuja kunishukuru.

"Sabalkheri, bi mwalimu. Mungu akulipe kheri. Jumatatu nakuletea wangu watatu, na wawili wa dadangu."

"Waniletea wapi?"

"Si hapo tini, chuoni! Babako jana alisimama baada ya sala akawambia watu kuwa wewe utawasomesha watoto wa mtaa hisabati na Kiingereza hata mgomo wishe. Mume wangu alirudi kwa furaha!"

Nilimshukuru kwa kunishukuru. Sikujua la kufanya jingine.

Lazima niseme kwamba babangu hakuona kosa lolote, na mtaani kwetu wengi hawangeliona. Mzazi husimama mbele za watu akamtolea mwanawe neno. Huahidi pilau ya hitima, mpishi akawa binti yake. Huahidi vijana wa kubeba jeneza, wakawa wanawe. Mimi mwenyewe nimepika kwa ahadi za babangu mara nyingi sana, na nimepika vizuri. Lakini hii haikuwa pilau. Nikimsomesha hata mtoto mmoja, picha itafika kwenye kundi la wazazi la WhatsApp kabla ya adhuhuri, na kwenye kundi la walimu dakika tano baadaye. Wale wawili wangekuwa nje wanahatarisha kazi zao kwa neno langu, na mimi ningekuwa ndani na chaki mkononi. Na nikikataa, nitamvunjia babangu uso mbele ya msikiti mzima.

Baada ya alasiri nilimkuta ukumbini anakunywa kahawa.

"Babangu, umetoa ahadi yangu kwa watu bila kuniuliza."

"Kuwasomesha watoto wadogo ni jambo la kuulizwa?"

"Tumegoma."

"Mumegoma huko kwa serikali. Hapano ni nyumbani kwangu."

"Nikisomesha hapa, hakuna mgomo. Watasema, tazameni, watoto wasoma, walimu wataka nini tena?"

Akatikisa kichwa. "Mimi nimesomesha miaka arobaini na kitu. Sikumgomea mtu, na tuliishi."

Hapo hasira zikanipanda. Mamangu alikuwa mshonaji wa kofia, zile za mkono zenye vitundu vidogovidogo, ambazo moja humla mtu wiki kadhaa. Sare zangu za shule zilitoka kwenye kofia. Mchele ulitoka kwenye kofia. Nilikua nikimwona ameinama dirishani tangu asubuhi, na sasa hawezi hata kutia uzi kwenye sindano.

"Tuliishi kwa sindano ya mama," nikamwambia. "Wewe hukugoma kwa sababu mshahara wako ulilipwa na mama. Mimi nani atanishonea?"

Mamangu alikuwa mlangoni mwa jikoni. "Nyamaza, mwanangu," akasema. Babangu aliweka kikombe chini taratibu, akachukua bakora yake, akaenda msikitini saa nzima kabla ya magharibi. Nilijuta kwa jinsi nilivyosema. Nilichokisema sikukijutia, na hilo lilinitia hofu zaidi.

Jumapili nilimuuliza mama kama nikubali tu yaishe. "Usiniulize mimi," akanijibu akiwa amekasirika. "Na sikukutuma uniteteye."

Jumatatu saa mbili asubuhi baraza yetu ilijaa. Watoto walikuwa thelathini na wanne, niliwahesabu kwa mazoea, na wengi walikuwa wamevaa sare zilizopigwa pasi ingawa shule zimefungwa. Sare zile karibu zinishinde. Mtu aliyewapigia watoto pasi kuja kusoma kwenye mkeka si adui yangu, nami nilikuwa nakwenda kumwambia hapana. Babangu alikuwa ameshakaa mahali pake ndani. Nilisimama mlangoni, nikatoa salamu, nikasema.

Nilisema babangu aliahidi kwa nia njema lakini hakuniuliza. Nilisema siwezi, nikaeleza kwa nini. Niliwaambia habari za mwalimu anayevuka daraja kwa miguu, na kwamba ndiye aliyewafundisha watoto wao kusoma, maana gredi ya kwanza ilikuwa yake.

"Kwa hivyo hasara ni ya wetu?" jirani yangu akauliza. Hakuniita bi mwalimu.

"Ndiyo," nikasema. "Sitawadanganya. Hasara wataipata, na tukirudi nitaifidia mimi, Jumamosi kwa Jumamosi, mpaka tuwafikishe. Lakini nikiwasomesha leo, mwakani mtakuwa hamna mwalimu wa gredi ya kwanza, na hilo siwezi kulifidia."

Aliwashika watoto wake mikono akageuka. Baadhi ya wazazi walinung'unika, wengine walitazama chini. Mara sauti ya babangu ikatoka ndani, haikuwa ya hasira wala ya upole.

"Waacheni waingie. Neno nililitoa mimi. Nitawasomesha mimi."

Akawaingiza wote, pamoja na wale wake wa kila siku. Mimi nilipanda juu nikalia, na sehemu kubwa ya kilio kile ilikuwa hasira.

Tangu siku hiyo hakusema nami. Alimtuma mama, hata nikiwa nimekaa naye sinia moja.

"Mwambie mwanao mchuzi umezidi chumvi."

"Umesikia?" mama akaniuliza.

"Nimesikia. Mwambie mumeo chumvi ni ya papa mkavu."

Mama alizipeleka salamu zote kwa uaminifu wa karani. Ungetuona ungecheka, na mimi mwenyewe nilikuwa karibu kucheka, ila moyoni niliogopa. Babangu alikuwa mzee. Niliwaza, akiondoka duniani wiki hii bila kuniwia radhi, nitakwenda wapi? Mara mbili nilishuka ngazi kwenda kumwomba msamaha, na mara mbili nilisimama katikati, kwa sababu nilijua angeniuliza kama nitasomesha, na jibu langu lilikuwa lilelile.

Chini, chuo kilikuwa kimechafuka. Babangu alizoea watoto kumi na watano waliomjua. Sasa walikuwa karibu hamsini, na wageni wale walitaka maji, walitaka kwenda haja, walipigana kwa penseli, na mmoja alimuuliza kwa nini anasomesha hisabati kwa kokwa za tende. Nilimsikia akijitahidi. Alisomesha kujumlisha na kutoa kwa njia za zamani, alirudia, alipaza sauti. Jumatano sauti ilianza kumkwaruza. Alhamisi alipanda ngazi akapumzika kila daraja, akaketi jikoni karibu na mama, akidhani mimi niko darini naanua nguo. Nilikuwa nyuma ya mlango na beseni.

"Watoto hawafiki hata hamsini," akasema kwa sauti iliyomkauka. "Na yeye yuwasomesha sabini?"

"Sabini na mmoja," mama akasema.

"Kila siku?"

"Kila siku. Kisha yuwaja na madaftari yao."

Mama alimtilia maji moto na tangawizi, naye babangu akayanywa yote.

Ijumaa mimi na mama tulikuwa jikoni tunaosha mchele. Sala ilikwisha, na kipaza sauti cha msikiti hakikuzimwa. Tukasikia mtu anakohoa, na sote wawili tukakijua kikohozi kile.

"Ndugu zangu," babangu akasema, sauti bado mbovu. "Ijumaa iliyopita niliwaahidi kazi ya mtu mwengine. Sikumuuliza. Ahadi ile naivunja mimi, si mwanangu. Mwenye lawama anilaumu mimi. Mwanangu yuko kwenye haki yake, na wenzake pia, na mwenye mtoto shuleni awasaidie ili mgomo wishe haraka." Akakohoa tena. "Na jengine. Watu huniambia nimesomesha bure miaka yote. Si kweli. Nimelipwa. Mke wangu alishona kofia mpaka mato yakamwishia, na zile kofia ndizo zilizonilisha mimi na wanangu. Sikuwahi kulisema. Wasalaamu aleikum."

Mikono ya mama ilikuwa ndani ya maji ya mchele, na hakuitoa. Nilitaka kumtazama nikaona haya, nikatazama ukuta.

Mgomo ulimalizika wiki iliyofuata. Hatukupata yote tuliyoyataka, lakini sehemu ya makubaliano ilitoka kabatini, na wale wawili wa kandarasi walirudi darasani pamoja nasi. Jirani yangu alikuwa kati ya wazazi waliotia saini barua ya kuwatetea, na Jumamosi ya kwanza aliniletea watoto watano bila kuniomba radhi, nami nikawapokea bila kuidai. Hata hivyo, watu wakinitajia mgomo ule, mimi hukumbuka kwanza chakula cha mchana wa Ijumaa ile.

Babangu alirudi, akapanda ngazi, akaketi. Alinitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu.

"Mwanangu, nipe maji."

Nilimpa. Akakishika kikombe pamoja na mkono wangu, akanywa hivyohivyo. Sikuhitaji neno jingine kutoka kwake.

Mama aliweka sinia ya pilau katikati, akakaa, akamkabili mumewe.

"Umenitaja kwa watu," akamwambia, "na hukuniuliza."

Mtu aliyekuwa amesimama mbele ya msikiti mzima saa moja iliyopita alinitazama mimi nimsaidie mbele ya mkewe. Nami nikajifanya nachagua mbatata.

"Nikuombe idhini sasa?" akauliza mwishowe.

"Niombe."

Akaweka bakora chini, akanyoosha mgongo, akamwomba kwa jina lake kamili na la babake, kama siku aliyokwenda kumposa. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Machozi yalikuwa yakimtiririka na hakuyafuta.

"Ijumaa ijayo uwambie tena," akasema. "Leo sauti haikutoka vizuri."