Mwaka Nilioruhusiwa Kurudia

Harufu ya makoti ya sufi yaliyolowa, yakikauka juu ya hita, ndiyo harufu ya utoto wangu. Tuliishi Thamesmead, pembezoni mwa London, ghorofa ya tatu, katika majengo ya saruji ambayo mvua iliyapaka rangi ya jivu lililomwagiwa maji, na tangu Oktoba hadi Machi hakuna kitu nyumbani kilichokauka sawasawa. Harufu hiyo ilichanganyika na nyingine, ya mvuke wa pasi, kwa sababu Baba alikuwa muuguzi na sare zake alizipiga pasi mwenyewe. Hakumruhusu mtu kuzigusa. Nilipewa jina la mama yake, Mghoi, kwa hiyo aliniita "mama," hata aliponikaripia.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nikiwa na miaka kumi na tano, mwalimu wangu wa hesabu aliwaita wazazi wangu shuleni. Chuo kikuu kimoja cha upande wetu wa jiji kilikuwa kinawapokea wanafunzi wachache wa sekondari wakae na wale wa mwaka wa kwanza kila Jumatano mchana, wasome somo moja la hesabu na kuufanya mtihani wake. Mwalimu alikuwa amelitaja jina langu. Mama, ambaye tangu tufike Uingereza alisubiri mtu aseme jambo kama hilo, alikwisha kufungua mkoba kutafuta kalamu. Baba akashukuru kwa adabu, kisha akauliza kama badala yake nisingeweza kurudia kidato nilichokuwamo.

Mwalimu alidhani ni mzaha. Alipoona si mzaha, akadhani naadhibiwa. Baba akamweleza kwamba kwao, milimani Taita, darasa la saba alilisoma mara mbili, na ile mara ya pili ndiyo iliyompeleka sekondari nzuri. Waliorudia hawakuchekwa, walikalishwa mbele ili wawasaidie wenzao. Mwalimu akasema huku harudii mtu. Watoto hupanda pamoja kwa umri wao, kama abiria waliosimama kwenye ngazi za umeme za stesheni.

Wiki nzima nyumba yetu ilipigana kwa methali. Baba alisema haraka haraka haina baraka. Mama akamjibu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Mimi, niliyekuwa nimeanza kushuku kila kitu, niliona kwamba wahenga walijiwekea jibu kila upande, na kwamba hekima ya namna hiyo haimsaidii mtu anayetaka kujua Jumatano atakuwa wapi. Nikamwambia Baba, kwa Kiingereza kama kawaida yangu, kwamba London si Taita.

"Najua, mama," akasema. "Kule mvua ikinyesha, kuna kitu kinaota."

Hatimaye alikubali kwa sharti moja. "Nenda. Lakini ukianguka, utarudia. Hutakimbia." Niliafiki upesi, maana kuanguka hakukuwa kwenye mipango yangu.

Shuleni tulipewa kanuni tukazitumia. Kule chuoni mhadhiri alikataa kuliita jambo lolote kweli mpaka alithibitishe, hata mambo ambayo mtoto yeyote angeyaona kwa macho. Mimi, mtu wa maswali, nilijiona nimefika kwetu. Kando yangu alikaa Daniel, rika langu kutoka shule nyingine, mwepesi kuliko mimi, aliyeniita "profesa" kwa kejeli huku akinigawia krispi zake. Kufikia Krismasi mimi nilikuwa nimepotea na yeye alijifanya hajapotea. Matokeo yalipotoka, wote wawili tulikuwa tumeanguka. Daniel alicheka, akasema hesabu ni kazi ya wazee, na sikumwona tena. Nadhani lilikuwa jambo la kwanza kumkatalia maishani, na hakuna aliyewahi kumwambia kinachofuata baada ya hapo.

Nilifika nyumbani koti limelowa. Baba alikuwa anapiga pasi. Nikasema kwa Kiswahili, sijui kwa nini, "Baba, nimeanguka."

Hakuzima pasi. Aligeuza shati, akaipitisha kwenye kola, akasema, "Sasa mtihani umeuona. Ulipoanza hukuwa umeuona." Kisha akaniomba nimsogezee chupa ya maji ya kunyunyizia. Mama akasema kutoka jikoni kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na mara hiyo hakuna aliyekuwa na methali ya kumpinga.

Vuli iliyofuata Baba alinisindikiza kwa mhadhiri kuomba nirudie. Mhadhiri alivua miwani, akasema hakuna mwanafunzi wa shule aliyewahi kumwomba hivyo, lakini kiti kipo. Nilikaa mbele, kama nilivyoagizwa. Yale yaliyonipita mwaka wa kwanza yalinikuta safari hii nimetulia. Nikafaulu, bila makeke.

Nimemaliza chuo tangu hapo, na bado sina hakika kama mtoto wa miaka kumi na tano anafaa kupelekwa huko. Wanaosema ndiyo huwahesabu waliofika. Wanaosema hapana huwataja akina Daniel. Namshukuru mwalimu aliyeniona, namshukuru Mama aliyetaka niende, lakini aliyefanya safari ile iwezekane ni yule aliyeipinga. Jengo letu limebomolewa. Nyumba yangu ya sasa ina mashine ya kukausha nguo, na makoti hayanuki chochote.

Juzi binamu yangu anayeishi Hayes, upande wa pili wa London, alinipigia simu. Binti yake amepewa nafasi kama ile, shule inangoja jibu, na mimi ndiye niliyesoma, basi niseme. Nikamwuliza: siku atakapokuja kukwambia ameanguka, utaweza kuendelea kupiga pasi? Akacheka, akasema kwake siku hizi hakuna anayepiga pasi.

Nikamwambia anunue moja, kisha amwache mtoto aende.