Mashine Isiyozimwa

Wifi yangu, mke wa kaka, ni fundi cherehani mwenye mdomo mkali na tumbo bovu. Utumbo wake una vidonda vinavyopoa na kurudi vinapojisikia, na vikirudi anaharisha damu mpaka anatembea kwa kushika ukuta. Ndiyo maana kila baada ya muda daktari humwandikia picha ya MRI, waone ndani kumeharibika kiasi gani.

Hospitali ndiyo jirani yetu. Tumepakana nayo ukuta, na upande wa pili wa ukuta huo, mkabala na dirisha la chumba anacholala mtoto, ndipo walipoweka jenereta. Mtaalamu wa picha aliwahi kumweleza wifi kwamba mashine ile ya MRI haizimwi. Hata kama hakuna mgonjwa, lazima ipozwe mchana na usiku, na umeme ukikatika jenereta inashika zamu; wakiwa wanapiga picha, ndipo inapokoroma na kutoa moshi zaidi. Na umeme wetu haukawii kukatika. Moshi unaingia ndani, mapazia yamekuwa meusi, na binti wa wifi, tunayemwita Kasuku kwa sababu hanyamazi, ana pumu.

Majirani walipokwenda kulalamika, wifi alibaki kwenye cherehani.

"Nikaseme nini, wifi? Na mimi ndiye mteja wao?"

"Kaseme mtoto wako hapumui."

"Halafu wakiizima, utumbo wangu utausoma wewe? Ujumbe wa simu tu mpaka uvae miwani!"

Nilicheka, ingawa nilikuwa nimekasirika. Kumbe alishamuuliza daktari kama hakuna kipimo chepesi zaidi. Kipo, akaambiwa; utumbo unaweza kufuatiliwa kwa altrasaundi, kimashine cha kusukuma kwa magurudumu, kinachokula umeme kidogo tu. Ila aliyejua kuusoma utumbo kwa altrasaundi alihama, na hakuna aliyefundishwa kushika nafasi yake. Hilo linaniuma mpaka leo. Dizeli hawakosi, lakini kumfundisha mtu mmoja kumewashinda.

Siku ya picha yake ya mwisho alinywa maji yao ya kujaza utumbo, akachomwa dawa ya kung'arisha picha, akaingizwa kwenye tundu la mashine akiwa ameshika kipira. Ukizidiwa unakibonyeza, wanakutoa. Katikati ya kazi taa zikazimika, kisha zikawaka. Sauti ya mtaalamu ikamjia kwenye spika: "Tulia mama, tumehamia jenereta. Tunarudia kidogo, usitikisike."

Mimi nilikuwa nyumbani na Kasuku. Moshi uliingia kabla sijafika dirishani. Nilifunga, nikampulizia dawa yake, haikufua dafu. Alitaka kuniambia kitu, maneno yakagoma kutoka, na midomo ikaanza kubadilika rangi. Nikambeba, nikauzunguka ule ukuta mbio mpaka chumba cha dharura, wakamvalisha barakoa ya oksijeni. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani.

Wifi alipoambiwa, alitukuta pale akiwa bado na gauni la hospitali, pamba imebanwa kwa plasta mkononi. Kasuku alikuwa ameanza kupata pumzi. Nilimuuliza mama yake kama aliisikia jenereta.

"Niliisikia."

"Na kipira?"

"Nilikuwa nacho mkononi." Akakaa ukingoni mwa kitanda. "Ningekibonyeza nimkimbilie, picha zote zingeharibika. Wangeniita siku nyingine, maji upya, dawa upya, moshi upya. Nilipiga hesabu humo ndani, wifi. Nikaona bora auvute mara moja kuliko mara mbili."

Nilitafuta kosa kwenye hesabu hiyo, nipate wa kumgombeza, sikuliona.

Kasuku akaisogeza barakoa pembeni, akauliza kwa sauti ya kukwaruza, "Mama, picha imetoka vizuri?"

Wifi akaitikia kwa kichwa, akamrudishia barakoa usoni, ndipo akalia.